Mbegu Iliyopita kwa Fundi Friji

Mama Maabara alipewa jina hilo mtaani kwa sababu mbili. Ya kwanza, alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye maabara ya hospitali, akipima damu na makohozi ya watu. Ya pili, alipostaafu hakustaafu. Alihamishia maabara nyumbani, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa cha kufulia, akaanza kulea wadudu.

Si wadudu wa kuuma. Walikuwa viumbe wa baharini wanaoitwa kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba, ila wadogo mno. Ukimweka mmoja juu ya ukucha utadhani ni chembe ya chumvi, mpaka aruke. Watu wanaofuga samaki wa maji ya chumvi majumbani, hasa wenye matangi ya matumbawe hai, wanawatafuta kama dawa. Wapo samaki ambao hawagusi chakula cha kopo hata uwabembeleze vipi. Wanataka kitu kinachokimbia. Na kopepodi hawaishii kuliwa tu. Wanaosalia hujificha kwenye mawe ya tangi, wakala uchafu, wakala mwani unaoyasonga matumbawe, wakazaana.

Chumba chenyewe kilikuwa na mitungi minane ya kioo, kila mmoja na mrija wa hewa ukitoa mapovu polepole, na kando yake chupa nne za maji ya kijani, yaani mwani mchanga ambao ndio uji wa kopepodi. Kila mtungi ulikuwa na chujio lake na taulo lake, na ulioshwa kwa maji ya moto kila baada ya siku kumi. Kuingia humo ulivua viatu, ukanawa mpaka viwikoni. Mumewe, dereva wa malori mstaafu, mtu wa utani, aliwaita kopepodi hao wakwe. "Nisalimie wakwe," alizoea kumwambia mkewe kila akiingia. "Mimi sijanawa."

Mbegu ya kopepodi hao hakuipata peke yake. Aliitafuta pamoja na mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yao. Siku ya maji kupwa dada hao wawili walikwenda ufukweni na ndoo, wakakosha magugu ya baharini, wakachuja maji kwa soksi mpya. Kisha Mama Maabara akainamia hadubini siku tatu, akichagua na kutupa, mpaka akabaki na majike kumi na wawili wenye vifuko vya mayai. Kitinda ndiye aliyekuwa akishika kisahani, akichekesha, akimkumbusha dada yake kula. Wote waliojaa kwenye mitungi ile minane walitoka kwa majike hao kumi na wawili.

Walifanya kazi pamoja miaka miwili. Halafu siku moja Mama Maabara akagundua kwamba Kitinda amempa mtu mbegu. Si kopepodi wa kulisha, hao walitolewa kila siku. Mbegu, chupa nzima yenye majike, na maelekezo ya kuwazalisha. Mtu mwenyewe alikuwa fundi friji fulani aliyekuwa na tangi dogo kwenye karakana yake.

"Aliomba," Kitinda alisema. "Nimnyime?"

"Ndiyo, umnyime! Hii mbegu ni yangu."

"Yako? Dada, tuliitafuta wote."

"Nani alikuwa kwenye hadubini? Wewe ulishika kisahani. Mtu wa cherehani abaki na cherehani yake."

Neno likitoka halirudi. Kitinda alikwenda jikoni, akatwaa chupa tupu ya asali, akarudi akaijaza maji kutoka mtungi wa tatu mbele ya macho ya dada yake, akaondoka nayo. Mama Maabara alimfuata mpaka mlangoni akimwita mwizi, majirani wakisikia. Tangu siku hiyo ilipita miaka minne. Hata msiba wa mama yao haukuwapatanisha. Walilia kila mmoja upande wake wa chumba, na watu walipowapa pole waliwapa mara mbili, kama familia mbili.

Mwaka huo macho ya Mama Maabara yalianza kuingia ukungu. Alikwenda kwa daktari wa macho mji wa pili, akalala kwa binamu yake siku mbili kungoja majibu. Aliporudi asubuhi ya Alhamisi, hata kabla ya kuvua viatu, pua yake ikamwambia kitu.

"Ni harufu gani hii?"

"Harufu ya usafi," mumewe alijibu kwa furaha. "Jana wamepita watu wa kupuliza dawa ya mbu, mtaa mzima. Nikawaambia wasisahau chumba cha nyuma. Si wewe uliyekuwa ukilalamika mbu?"

Mama Maabara aliweka mkoba chini. Aliingia chumba cha nyuma na viatu vyake, kitu ambacho mumewe hakuwahi kukiona, akachukua tochi akaiegemeza kwenye mtungi wa kwanza. Siku zote ukimulika hivyo kopepodi hukimbilia mwanga, wakarukaruka kama vumbi dirishani. Sasa mwanga ulipita moja kwa moja mpaka ukutani.

"Njoo unitazamie," alisema. "Macho yangu siyaamini. Kuna kinachotikisika humo?"

Mzee akainama. "Sioni kitu. Chini kuna kama unga umetua."

"Na huu?"

"Vivyo hivyo."

Wakaenda mtungi kwa mtungi. Walipofika wa tano sauti ya mzee ilikuwa imeshuka, na alipofika wa nane alitikisa kichwa tu.

"Mke wangu… ni ile dawa?"

"Dawa ya mbu haichagui. Mbu na kopepodi ni ukoo mmoja, ukimpiga huyu umempiga na yule."

Mzee alivua kofia akaketi kizingitini. Angegombezwa angejua la kufanya. Mkewe hakumgombeza. Alizima pampu ya hewa, na mapovu yaliyokuwa yakilia usiku na mchana kwa miaka sita yakanyamaza.

Walikuwa bado hapo simu ilipoita. Alikuwa Mwalimu, mteja wake wa zamani, mzee mjane aliyefundisha baiolojia mpaka akazeeka na ambaye sebule yake nzima ilikuwa tangi la matumbawe.

"Mama Maabara! Baba amejifungua!"

Mtu mwingine angedhani mzee wa watu amechanganyikiwa, lakini Mama Maabara alielewa mara moja. Mwalimu alikuwa na jozi ya farasi wa bahari, wale samaki wa kusimama wima wenye vichwa kama vya farasi, na kwa samaki hao ni dume anayebeba mimba. Mara mbili dume yule alikuwa amezaa, na mara mbili watoto walikufa wote kwa kukosa chakula kidogo cha kuingia midomoni mwao. Safari hii Mwalimu alijiandaa. Alikuwa amemweleza Mama Maabara mwezi mzima kabla, naye akamwahidi: siku wakizaliwa, kopepodi watafika.

"Nimehesabu themanini na sita, halafu wakanichanganya," Mwalimu alisema. "Wameshikana mikia kama watoto wa chekechea. Unaleta saa ngapi?"

"Nakuja," alisema, akakata simu. Angesema nini?

Alijua hesabu ya viumbe wale. Mtoto wa farasi wa bahari hana tumbo la kuweka akiba; lazima ale tangu asubuhi mpaka jioni. Akikosa siku moja anadhoofu. Siku ya pili, hata ukimletea chakula, hana nguvu ya kukifukuza. Mayai makavu ya kamba wadogo, yale yanayouzwa kwenye kopo, yangechukua siku nzima kuanguliwa, na hata yakianguliwa, vifaranga wake ni wakubwa kwa midomo ile. Kuagiza kopepodi kwa wafugaji wa mbali ni wiki, tena wakifika hai.

Pale kizingitini mzee alikohoa. "Yupo Kitinda," alisema taratibu.

"Sikusikia."

"Umesikia."

Mama Maabara alifunika mitungi kwa taulo zake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanawa uso, akachukua mkoba wake, akatoka.

Kitinda alikuwa na duka la kushona la mlango mmoja, kati ya kinyozi na muuza vioo. Alikuwa akipinda upindo wa sare ya shule. Alimwona dada yake mlangoni, mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani mpaka kitambaa kikaisha chini ya sindano.

"Umepotea njia?" aliuliza.

"Sijapotea."

"Basi karibu. Kiti hicho kina pini, angalia."

Mama Maabara hakuketi. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, lakini sasa yote yalimtoka akabaki na moja. "Wamekufa."

"Nani amekufa?" Kitinda alisimama ghafla. "Shemeji?"

"Hapana, shemeji yako mzima. Wao. Mitungi yote minane."

Kitinda alirudi kukaa. Aliweka mkono juu ya cherehani kama mtu anayezuia kitu kisianguke. "Wote?"

"Wote. Shemeji yako aliwakaribisha watu wa dawa ya mbu. Aliwaonyesha na chumba."

Kitinda alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, akakizuia kwa kiganja, kikatoka tena, na machozi yakaja pamoja nacho, si rahisi kujua yalikuwa ya kucheka au ya kitu kingine. "Shemeji jamani! Lazima aliwapa na chai."

"Sijauliza. Sina hamu ya kujua." Mama Maabara akashusha mkoba begani. "Kitinda, nimekuja kuomba."

"Kuomba nini? Mbegu au msamaha?"

"Mbegu kwanza. Mwalimu ana watoto themanini na sita tangu alfajiri, hawawezi kusubiri mimi nijifunze kuongea. Hilo la pili nitalisema tukifika."

Kitinda alikunja sare aliyokuwa akishona. Halafu akavua futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akasogeza pazia la nyuma ya duka.

Kulikuwa na mitungi mitatu kwenye kizingiti cha dirisha, jirani na pasi. Mama Maabara alipoiona alitaka kupiga kelele. Kioo kilikuwa kimeota mwani kijani upande mzima. Konokono wadogo walitambaa juu yake, minyoo myembamba ilitoa vichwa kwenye tope la chini, na hakukuwa na chujio wala taulo, ila kikombe kimoja cha plastiki kilichokatika mpini.

"Huoshi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa nini nioshe? Konokono wanakula mwani, minyoo inakula mabaki, kopepodi wanakula kilichobaki. Mimi nawapa maji ya kijani kijiko kimoja asubuhi, naendelea na kazi zangu. Tazama."

Aliwasha tochi ya simu. Hata kwa macho yake yenye ukungu Mama Maabara aliona: wingu zima lilisogea kwenye mwanga, likichemka. Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Na sikiliza nikwambie," Kitinda alisema, akitafuta ndoo yenye mfuniko. "Hawa sio wale niliochukua kwenye chupa ya asali. Wale walikufa mwaka juzi, kwenye joto kali, wote. Nililia humu ndani mpaka mteja akadhani nimefiwa. Unajua aliyenirudishia mbegu?"

"Nani?"

"Fundi friji. Mbegu ya ile chupa niliyompa, uliyonigombezea."

Mama Maabara alikaa kwenye kiti cha pini bila kuangalia.

Kwa Mwalimu walifika kabla ya saa sita mchana. Mzee wa watu alikuwa amevaa shati jeupe kana kwamba kuna harusi. Alipowaona dada wawili pamoja alifungua mdomo, akaufunga, akasema tu, "Karibuni, viatu msivue."

Watoto walikuwa kwenye beseni la kioo lililotengwa na tangi kubwa, kila mmoja mrefu kama punje ya mchele, mweusi, amesimama wima. Wengi walikuwa wameshikana mikia makundi makundi. Wachache walikuwa wamelala kando chini.

Kitinda alitumbukiza kopepodi polepole kwa kikombe chake cha mpini uliokatika. Wakangoja.

"Wanakula?" Mama Maabara aliuliza.

"Bado."

"Nitazamie, Kitinda. Mimi naona kivuli tu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili."

Kitinda aligeuka, akamtazama dada yake machoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akamshika mkono, akamsogeza karibu na beseni, akaanza kumsimulia kama mtangazaji wa mpira. "Haya. Kuna mmoja, huyu wa pembeni, anamkodolea kopepodi. Kopepodi hajui. Anapindisha shingo… anasogeza pua… amemvuta! Dada, amemvuta kama mtu anayenyonya tambi! Na huyu naye. Na yule. Mwalimu, sogea uone!"

Mwalimu hakusogea. Alikuwa amegeukia dirisha, anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Katikati ya purukushani hiyo, Mama Maabara akasema, "La pili."

"La pili lipi?"

"Nililosema nitalisema tukifika. Ulishika kisahani siku tatu. Bila wewe ningetupa hata wale kumi na wawili, maana siku ya pili nilikata tamaa, ukanikatalia. Nilijua hivyo hata siku ile nakuita mwizi. Nisamehe, mdogo wangu."

Kitinda aliendelea kutazama beseni. "Nimesikia, Dada," alisema. Kisha akachota kikombe kingine.

Haikuwa hadithi ya wote kupona. Siku ya kwanza walikufa kumi na wanane, wiki ya kwanza ikawa zaidi ya nusu. Kila asubuhi Mwalimu aliandika idadi kwa chaki kwenye ubao mdogo aliokuwa nao tangu shuleni, na kila asubuhi idadi ilipungua. Kitinda alifika kabla ya kufungua duka, akamwaga kikombe, akaondoka. Mwezi ulipokwisha walibaki ishirini na wawili, nao hawakupungua tena. Siku mmoja wao alipojifunga mkia kwenye tawi la tumbawe katika tangi kubwa walikohamishiwa, karibu na baba yake, Mwalimu alipiga simu nyumba zote mbili kutangaza.

Chumba cha nyuma kilianza upya. Mzee, kwa kujitia adabu, aliosha kila mtungi mara saba na kubadili mirija yote, kisha akabandika mlangoni karatasi yenye maandishi makubwa: HAPA HAPAPULIZWI KITU, HATA MANUKATO. Mbegu ya Kitinda ilikuwa imechanganyika na viumbe wengine, kwa hiyo ilibidi wachaguliwe tena majike mmoja mmoja. Safari hii Kitinda ndiye aliyeinamia hadubini, na Mama Maabara akashika kisahani.

"Mwenye mayai?"

"Huyu anayo."

"Vifuko viwili au kimoja?"

"Dada, ukinihimiza namtoboa."

Walibishana tangu asubuhi hadi alasiri. Mama Maabara alitaka mitungi isafishwe. Kitinda alitaka waweke konokono. Mwishowe minne ilikuwa safi na minne ikaachwa iote, kila dada akisubiri ya mwenzake iharibike. Hakuna iliyoharibika, wala hakuna aliyekubali kushindwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Maabara alilifanya bila kumwambia mtu. Jumatatu moja alivaa vizuri, akauliza njia mara mbili, akafika kwenye karakana ya fundi friji. Ilikuwa banda la mabati lililojaa majokofu yasiyo na milango, na katikati yake, juu ya jokofu lililolazwa, tangi la matumbawe linawaka rangi ambazo hata yeye aliziona. Fundi alikuwa mtu mnene, mwenye soni, mafuta mpaka masikioni.

"Shikamoo, mama. Friji imegoma?"

"Marahaba. Sina friji mbovu. Nimesikia una kopepodi wazuri, nikaona nije niwatazame."

Uso wa fundi ulifunguka. Alifuta mikono, akamletea kiti, akamwonyesha kila pembe ya tangi, mawe aliyoyapanga, konokono wake, na mtungi wa mbegu aliouficha mbali na moto wa kuchomelea. "Nikienda safari namwachia jirani chupa moja," alisema. "Ukiwa nao mahali pamoja tu, mama, umewachimbia kaburi."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Dada mmoja fundi cherehani. Yeye alinipa mbegu bure kabisa. Nilimshukuru, akanikatalia shukrani. Akasema hii si kazi yake, ni kazi ya dada yake. Mtu wa maabara, anasema hakuna anayemfikia. Alikaa kwenye hadubini siku tatu bila kulala." Fundi alicheka kidogo. "Nilimwomba anipeleke nikamwamkie huyo dada mtu. Kila siku ananiambia, ngoja kwanza, sasa hivi ana kazi nyingi."

Mama Maabara alitazama tangi.

"Alikuambia hivyo lini?"

"Ah, miaka mingi. Na mwaka juzi tena, alipokuja kuchukua mbegu. Vipi mama, unamfahamu?"

"Namfahamu," alisema Mama Maabara. "Niletee maji ya kunywa, mwanangu, halafu nikueleze."